Walishe Nazi

Kazini kwetu kuna sheria ambayo mgeni huambiwa kabla hata hajaonyeshwa choo kiliko: usinuse pleti. Pleti ni kile kisahani cha plastiki chenye mfuniko. Humo tunamimina agari ikiwa ya moto, tunaiacha igande kama uji wa wanga uliopoa, kisha tunapanda juu yake bakteria tunaotaka kuwaona. Wakishaota, kila mgeni hushikwa na hamu ileile. Atafungua mfuniko na kusogeza pua kama anayekagua mchuzi. Nimeshawachapa vijana wa mafunzo mikononi kwa hilo, na mmoja nilimtoa nje akakae barazani mpaka saa ya chai. Sina subira, na sijawahi kudai kuwa ninayo.

Sheria yenyewe ina maana. Maabara yetu hapa Mtwara inapima maji ya visima na vyakula vya baharini, na kinachoota kwenye pleti zetu mara nyingi kimepita matumboni mwa watu. Kitu kama hicho hukivuti mapafuni kwa udadisi. Nawaeleza vijana hivyo nao wananiitikia, "Sawa, dada." Lakini kwenye jokofu la nyuma, rafu ya chini, nina vichupa vyangu ambavyo kwa miaka yote hiyo sikuvinusa, na kila nikivishika hunijia hamu ileile. Wamo bakteria wa siki ya bibi yangu.

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenilea pamoja na mama katika nyumba yetu ya Ufukoni. Alivuka Ruvuma akiwa msichana, kutoka ng'ambo ya pili, na Kiswahili chake kilibaki na ladha ya huko mpaka anakufa. Mtu kwake alikuwa ntu, mtoto alikuwa ntoto, na mtungi ulikuwa ntungi. Mtungi huo ulikaa jikoni, kwenye pembe isiyopigwa na jua, mdomo wake umefungwa kitambaa cheupe kwa kamba. Kila nazi iliyovunjwa katika nyumba ile, maji yake yalikwenda humo.

Nami niliyapenda maji ya nazi kuliko kitu chochote. Niliuonea mtungi ule wivu kama mtoto anavyomwonea wivu mdogo wake anayenyonya. Nilisimama na kikombe changu, bibi anagonga nazi kwa mgongo wa panga, maji yanachuruzika bakulini, halafu bakuli linanipita mbele ya pua kwenda pembeni kule, pamoja na kipande cha sukari guru.

"Na mimi, bibi?"

"Wewe una meno. Tafuna nazi."

Baada ya siku kadhaa mtungi ulianza kuchemka bila moto. Ukitega sikio ulisikia vipovu vikipasuka kule ndani. Hapo bibi alitutangazia kwamba mtungi umelewa. Ndilo lilikuwa neno lake. Tulikuwa watu wa dini, pombe haikutajwa kwetu hata kwa mzaha, lakini mtungi wetu ulilewa mara kwa mara na hakuna aliyeshangaa. Ukiwa umelewa haukuguswa. Haukuonjwa, haukutikiswa, haukutiwa kitu, na kijiko kilichotumbukia humo kwa bahati mbaya kilioshwa kama kilichorambwa na mbwa. Tulingoja tu. Povu likatulia, na juu ya maji ukajitandaza utando mwembamba, mweupe, wa kuteleza, ukawa unanenepa siku hata siku. Bibi alipofunua kitambaa akauona, uso wake ulikunjuka.

"Umejisitiri," alisema. "Sasa umetubu."

Siki, kwa bibi, ilikuwa toba. Maji yalikuwa mema, yakalewa, yakarejea. Na toba ilikuwa na sharti lake, kwamba mtu atubu mwenyewe. Walikuwepo majirani waliotia siki ya dukani kwenye mitungi yao ili kuiharakisha, na bibi hakula achari zao hata kwenye harusi. "Huwezi kunshika ntu shingo ukantubisha," alisema. "Atatubu ndomoni tu." Nilipokua nilikuja kusikia kwamba wanazuoni nao wamelizungumza jambo hilo tangu zamani, na kwamba wengi wa huku kwetu pwani wanafuata kauli inayofanana na ya bibi. Lakini sidhani kama yeye aliitoa kitabuni. Aliitoa kwa mama yake, ng'ambo ya mto.

Mtungi ukishatubu, bibi aliteka kidogo kwa kata, akamimina kiganjani, akalamba. Akafumba macho. Kisha, kila mara, akasema, "Bado kidogo." Nasi tulijua kuwa siki i tayari, maana baada ya kusema hivyo alianza kumenya maembe. Nilidhani ni adabu ya wapishi, kama mtu anayesifiwa pilau naye akadai chumvi imempiga chenga. Sikuwahi kuuliza ilikuwa bado kwa kitu gani.

Achari yake sitaieleza sana, kwa sababu nikiieleza nitaiharibu. Embe mbichi, pilipili, kitunguu saumu, bizari, na ile siki. Ilikuwa inakuvuta taya kabla hujaitia mdomoni. Wali mkavu na kipande cha changu wa kukaanga, ukiweka achari ya bibi pembeni, mgeni alisahau alichokijia.

Nilipokwenda chuo kusomea maabara, mwalimu wetu mmoja alituagiza kila mtu alete kutoka kwao kitu kilichochacha. Wenzangu walileta mtindi na togwa. Mimi nilileta siki ya bibi kwenye chupa ndogo iliyochemshwa vizuri. Tulifundishwa kuichoma lupu, kile kijiwaya chenye kitanzi nchani, kwenye taa ya spiriti mpaka iwe nyekundu, kuiacha ipoe, kuichovya, kisha kuiburuza juu ya agari kwa mistari ya kwenda na kurudi, kila mstari mwepesi kuliko uliotangulia, mpaka mwisho bakteria mmoja mmoja aachwe peke yake kwenye nafasi yake. Peke yake pale ataongezeka awe nukta unayoweza kuiona kwa macho, na nukta hiyo ndiyo tunayoiita koloni.

Agari ya bakteria wa siki ni nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, kwa sababu ndani yake kuna unga wa chaki. Siki inayeyusha chaki. Kwa hiyo pale bakteria anapokaa na kutengeneza siki yake, weupe unatoweka na unabaki uwazi kama kioo. Nilipofungua kabati la joto siku ile niliwakuta. Walikuwa wadogo, wa duara, rangi ya chai ya maziwa, na kila mmoja amejichorea uwanja wa kioo pande zote. Nilicheka kwa sauti mwalimu akageuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kilichokuwa kinakunywa maji yangu ya nazi utoto wangu wote.

Kisha tukafundishwa kuvuna. Kwetu Mtwara mtu akisema kuvuna unawaza korosho na muhogo, na mimi bado nalipenda neno hilo likitumika kwenye kisahani cha upana wa kiganja. Unamimina maji safi ya chumvi kidogo juu ya agari, halafu unachukua fimbo ya kioo iliyopinda, unakwangua polepole, mkono mwepesi, usije ukaichana agari ukavuna udongo na mazao. Maji yanaanza kuwa na ukungu. Shamba linabaki tupu. Ukungu ule unaufyonza, unautia kwenye kichupa chenye gliserini ili baridi isiwaue, unawalaza kwenye friza. Mwalimu alisema wakitunzwa hivyo wanaweza kutuzika sote. Tulicheka, kama watu wa umri ule wanavyocheka neno kuzika.

Likizo nilimwonyesha bibi picha kwenye simu. Alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Hawa ndio waliomo ntungini?"

"Ndio wenyewe."

"Kumbe wanapendeza." Akatazama tena. "Na huko kwenu unawalisha nini?"

"Sukari, hamira, na chaki."

Bibi alivua miwani akanitazama kwa huruma, na sikujua huruma ile ilikuwa yangu au yao. "Chaki? Ntoto wangu, usiwatese. Walishe nazi."

Tulimcheka sana, mimi na mama. Kwa muda mrefu likawa neno la nyumbani. Mgeni akichelewa kuandaliwa chakula, mama ananinong'oneza, "Mlishe nazi."

Nikaajiriwa hapa mjini, nikaja na bakteria wangu kwenye kikasha cha barafu. Mkuu wetu wa maabara, mama mmoja mtaratibu kutoka mikoa ya juu, aliniruhusu niwaweke kwenye rafu ya chini mradi wasiingiliane na kazi. Friza yetu ni ndogo na umeme una tabia zake, kwa hiyo niliwaweka kwenye agari ndani ya vichupa, na kila baada ya muda niliwahamisha kutoka agari kuukuu kwenda mpya. Sikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Siki yenyewe ilikuwa nyumbani, mwendo mfupi tu, na mwenyewe yupo. Ijumaa nikienda nilikula achari nikabeba na kopo.

Halafu bibi akafa.

Hakuugua sana. Alikuwa analalamika kifua, tukampeleka, tukarudi naye, na asubuhi moja hakuamka kuswali. Nyumba ikajaa watu. Siki iliyokuwa mtungini yote iliingia kwenye achari ya hitima, na waliokula walisema ilikuwa nzuri na wakamrehemu. Kisha, kama ilivyo desturi yetu, vitu vya marehemu vikatolewa sadaka kwa yule mama jirani aliyemwosha. Akapewa kanga zake, mkeka wake, birika, sahani. Wanawake waliokuwa wanasafisha jiko waliusugua mtungi kwa majivu na sabuni, wakausuuza kwa maji ya moto, wakauanika juani, na mama kwa mikono yake akatia kanga ndani yake akaufunika kwa sahani na kumkabidhi yule jirani. Hakuna aliyekosea. Sote tulikuwa tunatenda wema, na mimi nilikuwa uani nikichambua mchele.

Wiki kadhaa zikapita kabla hatujajua tulichofanya. Ilikuwa siku ya kawaida, mama anapika samaki wa nazi. Alivunja nazi, akakinga maji bakulini, akainuka nayo kama alivyomwona mama yake akiinuka miaka yote, akaenda mpaka kwenye ile pembe. Akasimama. Nilimwona mgongo tu. Sakafu pale ilikuwa na duara iliyopauka mahali mtungi ulipokuwa unakaa. Alisimama na bakuli lake mpaka nikaogopa kumwita.

Kisha akageuka akanipa bakuli. "Kunywa," alisema.

Nilikuwa nimeyataka maji yale tangu nilipojua kutaka kitu. Niliyashika, nikayaweka chini bila kuyanywa.

Niliuliza kama tungeweza kwenda kuuomba mtungi. Mama alitikisa kichwa. Sadaka hairudi. Na hata ungerudi, yule mama alikuwa ameshaufanya wa maji ya kunywa, ulikuwa mtungi tu kama mitungi mingine. Mama aliketi kwenye kibao cha mbuzi akaanza kukuna nazi, na huku anakuna akasema bila kunitazama, "Natamani kuionja mara moja tu. Kaburi nalijua liliko, nalitembelea. Lakini ile siki, nikiwaza kwamba haipo tena duniani, ndipo naona mama amekufa kweli."

Nikasema, "Ipo. Mimi ninayo."

Ilinichukua muda kumweleza. Siki yenyewe sinayo, nilisema, ila walioitengeneza ninao, wamelala kazini kwenye jokofu. Mama aliacha kukuna.

Kesho yake nilifika kazini kabla ya wote. Kipindi cha msiba na baada yake nilikuwa sijawahamisha, na agari ndani ya vichupa ilikuwa imekauka na kujikunja kama ngozi ya embe iliyosahauliwa dirishani. Nilichoma lupu, nikakwangua, nikaburuza kwenye pleti mpya. Sikupata kitu. Nikajaribu kichupa kingine, nacho hakikunipa kitu, weupe mtupu. Siku zile nilikuwa sisemezeki. Vijana walikuwa wananipita kwa mbali, na mmoja aliyeniuliza kama chaki imekwisha nilimjibu vibaya mpaka mkuu wetu akaniita ofisini kuniuliza kuna nini nyumbani. Nilimweleza. Nilitegemea atacheka, naye hakucheka. Aliniambia niloweke kile kipande kikavu kwenye maji ya sukari kwanza, kiamke taratibu, ndipo nikipande.

Nilikiloweka kichupa cha mwisho. Nilipopanda, palepale nilipoanzia kuburuza, ikaota koloni moja. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukingoni uwazi mwembamba unaanza kuchimba chaki. Nilikaa kwenye stuli nikalia kama nilivyokuwa sijalia msibani.

Kutoka kwa yule mmoja nilipanda pleti nyingi, kwa vyombo vipya nilivyovinunua mwenyewe na kuvitenga. Walipojaa nikavuna, nikawatia kwenye chupa safi. Mkuu wetu aliiona chupa mkononi mwangu nikitoka.

"Humu ndani hakiliwi kitu," alisema. "Unajua."

"Najua, mama."

"Basi mimi sijaona chupa."

Mama alikuwa amenunua mtungi mpya sokoni na kuuweka juu ya ile duara. Maji ya nazi yalikuwa ndani, yameshaanza kuchemka. Nilitoa chupa. Mama aliitazama, ukungu tu ndani ya maji, akanyoosha mkono kuipokea, kisha mkono ukarudi.

"Unataka kuitia humu?"

"Ndiyo. Hawa ndio wa bibi, mama. Ndio wenyewe."

"Mtungi umelewa," alisema.

"Najua umelewa. Ndipo wanapotakiwa."

"Mama hakutia kitu kwenye mtungi uliolewa. Maisha yake yote."

Nilimwambia kwamba hawa si kitu cha kutiwa, ni walewale, wanarudi kwao. Nilimwambia kwamba bila wao anapika maji tu. Nilisema maneno mengine pia, kwa sauti ambayo mtu haongei na mama yake, na yeye akaniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Nikiitia hiyo nitaipata siki ya mama kwa njia ambayo mama asingeikubali. Itakuwa ya nani sasa?"

Nilikasirika. Niliondoka na chupa yangu. Sikuaga vizuri. Ijumaa iliyofuata nilijisingizia kazi, na kweli nilipangwa kwenda Madimba kuchukua maji ya visima, nikashukuru.

Mtungi wa mama haukutubu. Uliota ukungu wa kijani juu na kunuka, ukamwagwa. Alinipigia kunijulisha kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja kuku aliyekufa, nami nikageuza mazungumzo nisije nikasema nilichotaka kusema. Akaanza tena. Mtungi wa pili ulilewa, ukakaa sana, na mimi nikaanza kwenda tena Ijumaa, nikipita mbele ya ile pembe bila kuitazama. Siku moja nikiwa mlangoni navua viatu nikamsikia jikoni akiniita. Nilimkuta amefunua kitambaa. Juu ya maji palikuwa na utando, mwembamba, mweupe.

"Umejisitiri," mama alisema. Alikuwa ameshika ukuta.

Nilimwomba tone moja niende nalo kazini. Nilisema nataka kuhakikisha ni salama, na alinipa. Lakini mimi nilitaka kujua kama ni wenyewe. Huwezi kujua vitu hivi. Nilijiambia labda walibaki kwenye ile sakafu, kwenye kile kitambaa cha kufunikia, kwenye wale visubi wadogo wanaozunguka matunda, wanaopeleka uchachu kutoka chombo kimoja hadi kingine. Labda walikuwa wamejificha jikoni mle muda wote wakingoja. Nilichukua pleti moja, nikaigawa katikati kwa kalamu. Upande huu nikapanda wa bibi, upande ule wa mtungi mpya.

Walipoota sikuhitaji darubini. Wa bibi walikuwa kama nilivyowajua. Wa upande wa pili walikuwa wapana, bapa, weupe wa maziwa, na uwazi wao ulikuwa mwembamba. Walikuwa bakteria wa siki, wazima, halali, wasio na ubaya wowote. Hawakuwa wao.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimejiandaa kumdanganya mama. Njiani nilijaribu sentensi yangu mara nyingi, ni wenyewe, mama, ni walewale, mpaka ikalainika ulimini. Nilimkuta anateka kwa kata. Maembe yalikuwa kwenye ungo. Alimimina siki kiganjani, akalamba, akafumba macho, na mimi nikafungua mdomo kusema uongo wangu.

"Bado kidogo," mama alisema.

Akachukua kisu, akaanza kumenya maembe.

Uongo ukanifia mdomoni. Niliketi. Nikamuuliza lile ambalo ningemuuliza bibi miaka mingi nyuma, bado kwa kitu gani.

"Hukuwahi kujua?" Alikuwa ananitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama alikuja huku na nguo zake tu. Mtungi wa mama yake ulibaki ng'ambo. Alianza na mtungi mpya kama mimi nilivyoanza, maji yakatubu yenyewe, akaonja, ikawa si ile. Nzuri, lakini si ile. Akaila miaka yote hiyo akiitafuta. Hii yetu tunayoililia, yeye kwake ilikuwa bado." Alidondosha ganda la embe. "Sasa na mimi ninayo yangu."

Alisema hivyo bila huzuni. Na mimi, badala ya kufarijika, nilimwonea uchungu na wivu pamoja, kwamba yeye amefika mahali ambapo mtu anamenya maembe, na mimi sijafika. Tulikula achari ile na wali. Ilikuwa nzuri. Nilikula nyingi ili aone nakula.

Nilipokuwa naondoka nilimwomba maji ya nazi. Alivunja mbili akanijazia chupa, akacheka, akasema hatimaye nimeushinda mtungi. Alidhani nakwenda kunywa.

Kazini niliyachuja. Badala ya maji ya kawaida nikapikia agari yangu kwa maji yale, nikatia na kipande cha sukari guru, na chaki kidogo ili niuone uwazi. Agari ikatoka na rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo. Nikapanda wa bibi. Wakaota haraka kuliko nilivyowahi kuwaona, wanono, wakaifuta chaki yote mpaka pleti nzima ikawa kioo.

Chumba kilikuwa kitupu, vijana wamekwenda kunywa chai. Nilifungua mfuniko, nikasogeza pua, nikavuta.

Ilikuwa yenyewe. Lilikuwa jiko la Ufukoni, kitambaa kinafunuliwa, kiganja cha bibi kimelowa na mimi kimo cha kiuno chake na kikombe kitupu mkononi. Haikupungua kitu. Hapakuwa na bado. Ilikuwa hapo chini ya pua yangu, hai, na kuilamba nisingeweza, kwa sheria ya chumba kile na kwa sheria ya bibi mwenyewe.

Niliinusa mpaka niliposikia miguu ya vijana barazani. Kisha nikamimina maji ya chumvi juu yake, nikachukua fimbo ya kioo, nikaanza kuvuna, mkono mwepesi, nisiichane agari. Mama akiniuliza habari zao, nitamwambia tu kwamba siku hizi wanakula nazi.